Kwa nini tunatoza hela kwa kazi ya "kunakili kadi tu"

Lalamiko hili halituishi hapa dukani: "Fundi, kazi yenyewe ni kunakili kadi ya memori, mbona bei imechangamka hivyo?" Juzi limetoka kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo. Aliondoka amenuna, kwa hiyo tunajibu hapa waziwazi.

Jirani yake anaendesha pampu ya kumwagilia kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja inayowaka kwa mfumo ulio kwenye kadi ya memori. Mkulima wetu akanunua Orange Pi, bodi ya aina hiyo ya kampuni nyingine, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, akanakili kadi ya jirani, akachomeka. Giza. Kijana mmoja mjini akamwambia bodi imekufa, anunue nyingine. Akanunua, nayo giza vilevile. Alipofika kwetu alikuwa na bodi mbili, na zote mbili zilikuwa nzima.

Tulianza kwa kuunga waya tatu kwenye pini za sirio, ambako bodi hutoa ujumbe wake inapowaka, spidi 115200, kisha tukawasha huku tukitazama skrini ya laptop. Haikutoka hata herufi moja. Kwa fundi, ukimya huo ni jibu: bodi haijaifikia hata kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Kerneli ndiyo inayogawa memori ya muda (RAM), inayopanga programu ipi ishike prosesa, na inayosema na kadi na pini. Lakini lazima kuwe na programu ndogo ya kuiamsha. Chipu ya Allwinner iliyo kwenye bodi zake huitafuta programu hiyo ndani ya kadi, kuanzia kilobaiti ya 8. Kadi ya Raspberry Pi haina kitu hicho pale.

Wateja huuliza mbona flashi moja ya Linux inawaka kwenye laptop nyingi. Ni kwa sababu laptop ina BIOS, programu iliyo ndani ya mashine yenyewe, inayoieleza kerneli vifaa vilivyopo. Bodi hizi ndogo hazina msaada huo. Kerneli hupewa faili linaloorodhesha vifaa na anwani zake, na faili hilo ni la bodi husika. Ukiweka la bodi nyingine, hata ikiwaka, intaneti haipatikani au pini hazifanyi kazi. Pini zenyewe pia ni mtego: ya 11 kwenye Raspberry Pi programu huiita GPIO 17, lakini kwenye Orange Pi yake ilikuwa na namba nyingine kabisa. Tusingerekebisha programu ya jirani, relei, swichi inayowasha pampu, ingebaki kimya na mizabibu ikakauka.

Halafu kuna umeme kukatika. Kerneli haiandiki kila kitu kwenye kadi papo hapo. Data inaweza kukaa kwenye memori ya muda kwa sekunde 30 hivi kabla ya kuandikwa. Umeme ukikatika katikati, faili zinaharibika, na siku moja bodi inagoma kuwaka. Ndiyo maana kadi zetu tunazipanga mfumo mkuu usomwe tu bila kuandikwa, na kumbukumbu za pampu tunaziweka sehemu ya pembeni. Mteja mmoja wa Nkuhungu, mfuga kuku, alikataa kulipia hatua hii. Alirudi na kadi imeharibika, akalipia kazi nzima upya.

Chaja nayo tusiisahau. Raspberry Pi 4 inahitaji volti 5 na ampea 3, na chaja ya simu ya zamani haifiki hapo. Bodi inazima na kuwaka yenyewe, kisha lawama zinamwangukia fundi.

Kwa hiyo bei yetu haipungui. Ndani yake kuna kuchagua kerneli ya bodi yako, kurekebisha pini, kuilinda kadi, na kuizima bodi ghafla mara kadhaa hapa mezani kabla hujaichukua.

Ukija, leta bodi, chaja unayotumia na kadi uliyonayo, na usiifomati kwanza. Kadi feki ni nyingi: imeandikwa GB 64, ndani ina 8. Tunaipima kwa kuijaza yote na kuisoma tena. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache asubuhi uifuate jioni.