Maziwa ya njano hayabadilishwi kwa maji ya sukari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mabibi, mama wakwe na wote wanaomhudumia mzazi. Unguja na Pemba bado kuna nyumba ambazo kichanga huanziwa maji ya sukari kwa kuwa eti maziwa hayajatoka. Yametoka. Yale machache, mazito, ya njano ndiyo yenyewe. Siku ya kwanza tumbo la mtoto hutosheka na kijiko kimoja cha chai kila anaponyonya.

Maziwa hayo yana laktosi inayompa mtoto nguvu, na zaidi ya aina 100 za sukari nyingine ziitwazo oligosakaraidi. Lita moja ya maziwa ya mwanzo huwa nazo kiasi cha gramu 20. Baadaye hushuka hadi kati ya 5 na 15. Mtoto hawezi kuzimeng'enya. Hufika nzima utumbo mpana, zikaliwa na bifidobakteria, bakteria wema. Hawa hutoa asidi, na vijidudu vya maradhi hukosa pa kustawi. Baadhi ya wanavyovitengeneza hutuliza chembe za kinga za mtoto, zisiwake ovyo. Kuna na jingine, nami naliona kubwa: kijidudu cha kuharisha kama kampilobakta hujishika kwenye sukari zilizoota juu ya ukuta wa utumbo. Za maziwa zinafanana nazo, basi kijidudu hunasa kwenye hizo, kikatoka na choo.

Sukari ya dukani haifanyi hata moja kati ya haya. Humshibisha mtoto, akanyonya kivivu, na ziwa lisiponyonywa halileti maziwa. Maji na kijiko navyo huja na uchafu wake.

Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza, hata mama akiwa amepasuliwa, kisha anyonye mara 8 hadi 12 usiku na mchana. Asiyeweza kunyonya akamuliwe kwenye kikombe kilichochemshwa. Maziwa yaliyokamuliwa yasizidi saa 4 nje ya friji; joto la kaskazi likikaza, yatumike mapema zaidi. Yapasheni ndani ya maji ya uvuguvugu, msiyachemshe: sukari hizi hustahimili moto, kingamwili hazistahimili. Mpaka miezi 6 asipewe kingine ila dawa alizoandikiwa.

Mwenye wasiwasi ahesabu mikojo. Kuanzia siku ya 5, mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe, maziwa yanatosha. Ikipungua hapo, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mkunga,
Chake Chake, Pemba