Wuod Alego, lile daftari namba 14 liko kwako?

Wuod Alego,

Uhali gani ndugu yangu, na mama watoto je? Sisi huku Kisumu tuko, tunashukuru Mungu, joto ni lile lile na omena imepanda bei tena. Pole sana na msiba wa mama mkwe, Nyar Seme aliniambia mkiwa mmeshazika nikaona haya kupiga simu nimechelewa hivyo, halafu miezi ikaenda.

Sasa nakuandikia juu ya makaratasi ya Prof, mwalimu wetu. Mama, mke wake, alinipigia Jumatatu asubuhi analia, ati vijana wao wanataka kupangisha ile nyumba ya nyuma na kuna mtu wa kununua karatasi kwa kilo ameshakuja kuangalia mzigo. Kwa kilo! Kazi yote ile ya Prof iende kufungia njugu pale soko la Kibuye! Nilipanda boda hata chai sijamaliza, nikamkuta Mama amekaa mlangoni funguo ziko mkononi, akaniambia, "Nimeishi na mke mwenza wa karatasi tangu niolewe, leo ndio wamuuze?" Nikacheka, naye akacheka, kisha tukalia wote wawili.

Tumehesabu maboksi 31, masanduku ya bati 2 na lile kabati la chuma, droo ya chini imekataa kufunguka. Mchwa wameingia pembe moja wakala mitihani ya mwaka wa pili, hiyo nimeachilia. Barua zipo, notsi zake za darasani zipo, kumbukumbu za mikutano ya idara, mpaka risiti za petroli za safari za utafiti, na nyuma ya risiti ameandika alilala kwa nani na mzee gani alikataa kuongea siku hiyo.

Sanduku moja lina udongo kwa bawaba. Nilidhani ni panya, kumbe Mama anasema ni la 1982. Unajua venye mambo yalikuwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, na hata kabla ya hapo, maana Maina wa Kinyatti aliyekuwa anafundisha historia kule chuo cha Kenyatta alishikwa Juni akafungwa miaka 6 kwa sababu ya karatasi walizosema ni za uchochezi. Basi Prof akapakia hilo sanduku usiku kwa pikapu, juu akaweka magunia ya mahindi, akalizika nyuma ya dero, ghala la nafaka, huko nyumbani, na Mama ndiye alikuwa ameshika taa. Darasani hakuwahi kutuambia hata siku moja.

Lakini kilichonishika ni zile kaunta buku za mahojiano. Zina namba kwa wino mwekundu, 1 hadi 22. Ukifungua, kushoto kuna maneno ya mzee kwa Dholuo vile alivyoyatamka, kulia Kiingereza, chini jina la mzee, ukoo wake, na nani mwingine alikuwa ameketi pale. Kuna ukurasa ameandika, "hapa mzee amenyamaza, mkewe amemsahihisha." Huyo bibi hayuko kwa kitabu chochote, yuko hapo tu. Tangu Profesa Ogot, yule mwanahistoria, atuache hapa Kisumu Januari 2025, na miaka yake 95, nimekuwa nikiwaza sana hii kazi, maana ni yeye aliyesimama akasema maneno ya wazee ni historia wakati wakubwa wake hawakuamini, na kitabu chake cha 1967 kikasimama juu ya hayo maneno. Ya Prof wetu ndio haya, yameshikwa na raba zilizokauka.

Na namba 14 haipo. Ya Yimbo na Alego. Nimetafuta siku mbili nikiwa kwa magoti. Jana nikapata kidaftari chake cha kuazimisha, mwandiko ni wake kabisa: "Wuod Alego, Na. 14, Machi 1998, atarudisha akimaliza tasnifu." Sikulaumu, ndugu yangu, wote tulibeba vitu kwa ile nyumba na yeye alipenda tubebe. Lakini hao wazee hakuna hata mmoja yuko hai.

Nimewauliza chuo kimoja, wakasema hawana nafasi, tungoje. Kijana wa Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, amenisaidia zaidi: tusichanganye kitu, kila boksi libaki na mpangilio aliouacha mwenyewe, tutoe pini zenye kutu, tusiguse selotepu, kaseti zenye ukungu zisichezwe. Alama za wanafunzi na zile barua za kupendekeza watu kazi zifungwe kando, sheria ya data ya 2019 inawalinda wenyewe. Mimi naomba zibaki huku magharibi. Unakumbuka uchungu wa Prof, kwamba mtu akiwa Syracuse, Marekani, anasoma kwa filamu ripoti za DC, mkuu wa wilaya wa wakati wa mkoloni, wa Central Kavirondo huku kwetu, na mtoto wa Gem lazima atafute nauli ya Nairobi?

Sasa niambie. Liko kwako hilo daftari, ama ulimpa yule wa Bondo? Ulipohama Umoja vitabu viliachwa wapi? Ile tepu rekoda yako bado inafanya kazi? Unaweza kuongea na vijana wa Prof, maana wewe wanakusikiliza, mimi wananiona mtu wa Mama tu? Na unakuja lini, kabla ya mwisho wa mwezi? Mpangaji anaingia tarehe 1.

Hata kama limelowa, hata kama kuna kurasa zimetoka, lilete tu hivyo hivyo.

Ni mimi,
Nyar Kajulu