Dada Zuhura, dawa ya Nasra isikatizwe tena

London, Jumapili usiku

Dada Zuhura,

Shikamoo. Ujumbe wa Baba Mdogo nimeupata, na ile sauti uliyonitumia usiku wa Ijumaa nimeisikiliza mpaka mwisho. Hela za mganga, yule mzee wa Muheza, sitatuma. Nasema mapema ili usisome barua nzima ukizitafuta. Nilizotuma ni laki tatu, zimeingia kwenye simu yako wewe, si ya Baba Mdogo, na huko chini nitakwambia ziende wapi. Mimi mzima. Baridi ipo, kazi ipo.

Lililoniuma ni hili. Nasra hakuangushwa mara nne usiku mmoja kwa sababu kuna wakubwa, yaani majini, wamekasirika. Aliangushwa kwa sababu alikatiziwa ghafla fenobabitoni, dawa yake ya kifafa. Mwaka na zaidi mtoto hajaanguka, mwalimu akasema anasinzia darasani, Baba Mdogo akavitia vidonge kabatini, na hakuna aliyeniuliza mimi ninayeshughulika na ugonjwa huu kila siku ya Mungu. Naomba umsomee haya mbele ya Mama, polepole.

Ubongo una seli zinazochochea na seli zinazotuliza. Zinazotuliza humwaga kemikali iitwayo GABA, nayo hufungua vijilango kwenye seli jirani, kloridi huingia, na seli ile hunyamaza. Fenobabitoni hufanya kilango kikishafunguka kichelewe kufunga. Mtoto akiinywa kila siku kwa mwaka mzima, ubongo wake hujirekebisha kuishi nayo. Ukiiondoa siku moja, uchochezi unabaki palepale na utulizaji umepungua kuliko hata kabla hajaanza dawa. Ni kung'oa breki za basi likiwa katikati ya mteremko wa Lushoto. Dawa yenyewe haitoki mwilini mara moja. Kwa mtoto wa umri wake hupungua nusu kila baada ya siku mbili tatu hivi, ndiyo maana wiki ya kwanza mkaona hana neno, mkadhani amepona. Ya pili ndiyo ikawa ile.

Na kusinzia kulikuwa na dawa yake. Kilo zake ni 24 na anakunywa miligramu 60, yaani miligramu mbili na nusu kwa kila kilo. Kiwango cha mtoto huanzia miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku na kinaweza kufika 6, kwa hiyo Nasra yuko chini kabisa, hajazidishiwa. Vidonge viwili vya miligramu 30 vinywewe pamoja usiku, si kimoja asubuhi kimoja jioni kama alivyokuwa akipewa. Fenobabitoni kwa watoto wengine huleta utukutu na uzito wa kushika masomo badala ya usingizi. Nalo hilo ni la kumwambia daktari, si la kumaliza sebuleni. Dawa ya kifafa hupunguzwa baada ya miaka miwili hivi bila kuanguka, tena kidogokidogo kwa miezi, daktari akiwa anajua.

Sasa chanzo chenyewe. Unakumbuka degedege lile la Nasra la umri wa miaka miwili, malaria imempanda, mkono na mguu wa kulia vikitingishika karibu saa nzima. Unakumbuka pia nani alifukiza mavi ya tembo, na nani alisema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Imani hiyo imeenea pwani yetu yote. Watafiti waliiandika Bagamoyo tangu miaka ya 1990. Mtoto hufa kwa sababu hufikishwa hospitali muda umekwisha, halafu sindano ndiyo inayoonekana mbaya. Ng'ambo ya mpaka wetu, Kilifi ya Kenya, wamewafuatilia watoto waliopona malaria kali, wakakuta kifafa kwao ni kingi kuliko kwa wenzao ambao hawakuugua hivyo. Degedege fupi la homa halimwachii mtoto jambo, na watoto wengi hupita hapo salama. Linaloacha kovu aghalabu ni refu, la upande mmoja wa mwili, kama lile lake.

Mahali kovu linapopenda kukaa ni ndani ya panja, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Na dalili za Nasra ndizo za mahali hapo hasa: kwanza anasema tumbo linapanda, halafu macho yanatulia, anatafunatafuna na mdomo hauna kitu, mkono unachezea kanga, ukimwita hajibu, na baada ya dakika mbili anauliza kwa nini mnamtazama. Baba Mdogo anayaita hayo jini. Mimi nimeyaona kwa Waingereza waliozaliwa hapahapa.

Dada, hapa nijisifu kidogo, na Mama asikie. Katika maabara yetu siku ya upasuaji simu hupigwa kwangu. Mgonjwa ambaye dawa zimemshinda huondolewa kile kipande cha ndani ya panja, na akiwa ametia saini ya hiari, sehemu ya kipande hicho huletwa kwetu ikiwa bado hai. Walio na digrii kunizidi husimama pembeni nikikata.

Maji ya kuiweka nayachanganya mwenyewe asubuhi. Kwa lita moja ni gramu 7.25 za kloridi ya sodiamu, gramu 2.18 za baikaboneti, gramu 1.8 za glukosi, potasiamu na fosfati kidogo sana, kisha magnesi na kalsiamu. Kalsiamu huingia mwisho, baada ya maji kupulizwa gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksaidi asilimia 5. Ukiitia kabla ya gesi, maji yana ualikali mno, kalsiamu hugandana na kuwa ukungu mweupe, na siku nzima imekwenda. Maji ya kusafirishia na kukatia ni mengine, ya baridi ya barafu, sodiamu yake imepunguzwa ili seli zisivimbe na kupasuka. Kila dakika kati ya kisu cha daktari na chombo changu inahesabika.

Kisha natoa utando mwembamba unaofunika ubongo kwa koleo ndogo chini ya hadubini. Utando ukibaki, wembe wa mashine huukokota badala ya kuukata, na tishu hupondeka. Vipande ni maikromita 300 hadi 400. Vikizidi hapo oksijeni haifiki katikati. Vikipungua unakuwa umekata matawi ya seli nyingi mno na hakuna mtandao uliobaki wa kupima. Wembe utembee polepole sana huku ukitikisika kwa upande. Ukiharakisha, tabaka la juu lote ni maiti. Vipande hupumzishwa nusu saa kwenye nyuzi 34, halafu saa moja au zaidi kwenye joto la chumba, ndipo viguswe na sindano ya kioo ya kupimia umeme wa seli.

Ndipo linapokuja lile ambalo ningependa Baba Mdogo alione kwa macho yake. Ukiyaondoa magnesi kwenye maji na kupandisha potasiamu, kipande kile kikiwa peke yake mezani, bila mwenyewe, bila kichwa, huanza kupiga kifafa. Mistari kwenye skrini hupanda kwa mafungu, hushikana, hukaza, hukatikatika, hutulia, kisha huanza tena. Sababu inajulikana. Kuna mlango wa glutameti, kemikali ya kuchochea, uitwao NMDA, ambao magnesi huuziba seli ikiwa imetulia. Ukiyaondoa, mlango hubaki wazi na uchochezi unajilisha wenyewe. Hakuna jini ndani ya bakuli langu, Dada. Kuna chumvi, na kuna seli.

Katika hipokampasi yenye kovu tunaona tena jambo jingine. Seli za katikati zimekufa, na nyuzi zilizokuwa zikizifikia hukosa pa kwenda, zikachipuka na kurudi nyuma kuzichochea seli zilezile zilizozituma. Miaka hupita kati ya degedege la malaria na kuanguka kwa kwanza, na wengi wetu tunaamini kujipanga huko upya ni sehemu ya kinachotokea katika miaka hiyo. Hujauliza wala hukuwahi kunilaumu, lakini najua linakusumbua kwamba alikaa vizuri mpaka darasa la kwanza ndipo ikaanza. Hukufanya lolote baya kati ya hapo.

Upasuaji si wa kumfikiria Nasra sasa. Nautaja kwa sababu Mama aliuliza kama kuna watu hupona kabisa. Kanada walifanya jaribio, matokeo yakatoka 2001: wagonjwa 80 wa kifafa cha panja, nusu wakapangiwa upasuaji, nusu wakaendelea na dawa. Baada ya mwaka, 58 kwa mia ya waliopangiwa upasuaji walikuwa hawapati tena mashambulizi ya kuwapoteza fahamu, na kwa waliobaki na dawa walikuwa 8 kwa mia. Lakini hao walikuwa watu ambao dawa zimeshindwa. Kati ya wagonjwa watatu, wawili hivi hutulizwa na vidonge, na Nasra alishatulizwa na kidonge cha kwanza kabisa, kile cha bei ndogo, kilichoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Hicho ndicho mlichotia kabatini. Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Laki tatu zangu sasa. Kwanza vidonge vya miezi sita, uvitunze wewe, na usisubiri viishe ndipo ukanunue. Visiwe chini ya wiki mbili nyumbani. Zinazobaki ni nauli ya Dar na kipimo cha umeme wa ubongo. Ile kliniki iliyowaambia kipimo hicho "kinasafisha umeme" na kirudiwe kila mwezi, msirudi. Kipimo kinasoma tu, hakitibu.

Kabla ya kwenda, fumua nywele zake zote. Najua alisukwa vizuri kwa ajili ya Idi, lakini mtaalamu anapima kwa futi toka juu ya pua hadi kisogoni na kuweka alama kwa asilimia 10 na 20 za urefu huo, na elektrodi 21, zile za kunasa umeme, lazima ziguse ngozi. Mwoshe kwa sabuni usiku, usimpake mafuta ya nazi hata tone. Mafuta yanazuia umeme mdogo wa ubongo kupita, na badala yake mashine inasoma umeme wa nyaya za ukutani. Alale kwa kuchelewa na aamshwe alfajiri ili asinzie pale kitandani, maana kifafa cha panja huonekana zaidi usingizini. Ale. Dawa anywe kama kawaida, mtu asimzuie. Ataambiwa apumue kwa nguvu dakika tatu na kuangaziwa taa ya kumetameta. Mwambie mapema asiogope. Na majibu yakitoka safi, Baba Mdogo asishangilie. Kipimo cha kwanza hukosa karibu nusu ya wenye kifafa cha kweli.

Kitakachomsaidia daktari kuliko karatasi zote ni video. Ikianza, washa simu tangu mwanzo, uso na mikono yote miwili vionekane, umtaje jina, umwambie akumbuke neno "chungwa", na baadaye umuulize. Mkono upi unachezea na upi umekakamaa, hilo linaonyesha upande.

Daktari akitaka kumhamishia kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, kubali, kwa aina yake inafaa. Fenobabitoni isiondolewe mpaka hiyo ya pili ifike kiwango chake. Kabamazepini hulifundisha ini kuiharibu haraka, kwa hiyo mwezi wa kwanza ukiisha inaweza kupungua damuni yenyewe; akianguka wakati huo haina maana imeshindwa, kiwango kipandishwe. Vipele vikitoka pamoja na homa au vidonda mdomoni, hospitali siku hiyohiyo. Na wakitaja valproeti, nayo dawa ya kifafa, uliza mara mbili: ni mtoto wa kike, atakua, na kwa mama mjamzito dawa hiyo huharibu karibu mtoto mmoja kati ya kumi.

Akianguka, mlaze ubavu, legeza ushungi, tazama saa. Kijiko mdomoni hapana, kinavunja meno na hakizuii lolote. Povu haliambukizi, mtoto wa Mama Saidi aliungua vile kwa sababu watu waliogopa kumtoa jikoni. Ikipita dakika tano, au ikirudi hajazinduka, ni diazepamu, dawa ya kukatiza degedege, inayotiwa kwa njia ya haja kubwa. Omba zahanati wakupe na wakufundishe: kwa uzito wake ni miligramu 10, yaani mililita 2 za ile chupa ndogo, kwa bomba lisilo na sindano, kisha ubane makalio dakika chache na utazame pumzi zake njiani kwenda hospitali. Jiko la mkaa akae nalo mbali, na kuoga iwe kwa kopo.

Baba Mdogo nitampigia mwenyewe Jumamosi. Nampenda, alinisomesha, na harusi yake ya pili nilichangia bila kuulizwa, hili simwachii. Akinuna, anune.

Mama mwambie nguo aliyonitumia imenitosha, na sambusa za hapa hazina pilipili. Nanyi mmekaribia kumaliza maembe, mimi naona picha tu. Nitumie picha ya Nasra akiwa na nywele zilizofumuliwa, na jibu la daktari lote, hata lile ambalo huelewi, ulipige picha ukurasa kwa ukurasa.

Mdogo wako,
Rukia