Barua ya wazi kwa Mkuu wa TEHAMA: kompyuta haziumwi, njia ndiyo imezibwa

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,

Salaam.

YAH: WARAKA WA KUFUTA KOMPYUTA ZA LINUX ZINAZOSHINDWA KUSASISHWA

Waraka wako nimeusoma mara mbili. Unaagiza kwamba kompyuta yoyote ya Linux itakayoshindwa kujisasisha ifutwe na kusakinishwa upya, na ikirudia iondolewe kabisa kwenye mtandao. Mimi ndiye ninayeshika funguo za chumba cha kompyuta hizo, na agizo lako nimekwisha kulitekeleza kwa mashine sita. Zote sita zilikubali kusakinishwa bila kinyongo, kwa kuwa kila kilichohitajika kilikuwamo kwenye flashi. Zote sita, nilipoandika `sudo apt update`, amri ya kuiambia apt (programu ya Linux inayoleta masasisho) ichukue orodha mpya ya vifurushi vya programu, ziligoma vilevile kama mwanzo. Hapo nikaacha kufuta, nikaanza kutafuta pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zinakwamia wapi. Majibu yamenileta mlangoni kwako. Naandika hadharani kwa sababu barua zangu mbili za ndani hazijajibiwa, na wenzangu wa vitengo vingine wanaendelea kufuta mashine zao hata leo.

Naanza na ping, amri ya kuiuliza mashine nyingine kama ipo, maana ndiyo iliyotupoteza wote. Fundi uliyemtuma alikaa kwenye kompyuta ya kwanza, akaandika `ping 8.8.8.8`, anwani ya Google iliyo nje, akangoja, kimya. Akasema mtandao wa mashine hii umekufa, Linux ndiyo tabia yake, akaaga. Kwenye skrini hiyohiyo, nyuma ya dirisha lake jeusi, kivinjari kilikuwa kimefungua barua pepe za mtu. Nilimwonyesha akiwa tayari ameshika kitasa. Faiawoli yetu, ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao, imewekwa itupe ICMP yote, yaani ujumbe mfupi wa taarifa na makosa ambao mashine hutumiana, na ping husafiri ndani ya ICMP. Kwa hiyo hapa kwetu ping ya kwenda nje kutojibiwa hakuthibitishi lolote. Ni sawa na kumpigia hodi mtu aliyekatazwa kuitikia, kisha ukaenda kutangaza msiba.

Nikaanzia karibu. Taa ya kebo inawaka. `ip a` ikaonyesha anwani ya kawaida, si ile inayoanza na 169.254 ambayo mashine hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa. `ip route` ikaitaja ruta, na ruta, iliyo upande wetu wa faiawoli, ikaitika. Nikauliza jina: `getent hosts deb.debian.org`, anwani zikarudi mara moja, basi DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa anwani, nayo ni nzima. (Wengi hukimbilia kuhariri `/etc/resolv.conf`. Kwenye mifumo mingi ya siku hizi faili hilo huandikwa upya na programu nyingine, kwa hiyo ukizima na kuwasha, kazi yako imefutika.) Saa ya mashine nayo nikaitazama, kwa kuwa ikibaki nyuma, apt huikataa orodha ya vifurushi kwa madai kwamba muda wake wa kutumika haujaanza. Ilikuwa sahihi.

Ndipo nikaandika `curl -I`, amri ya kuuliza seva inajibu nini, pamoja na anwani ya hazina ya Debian, yaani ghala la vifurushi vya aina hiyo ya Linux. Jibu halikutoka Debian. Lilikuwa 302, yaani "nenda kwingine", na huko kwingine ni ukurasa wetu wenyewe wa kuingia, ule wenye nembo ya taasisi, unaoomba jina na nywila.

Mtu mwenye kivinjari ukurasa huo haumsumbui. Anauona, anajaza, anapita. Apt haina macho. Inaomba orodha iliyotiwa sahihi, inaletewa ukurasa wa HTML wenye picha, inaukagua, haioni sahihi yoyote, inakataa. Na wala haikatai kwa kiburi. Inaandika kwamba faili si halali, inataja neno `NOSPLIT`, halafu inauliza palepale kama mtandao huu unataka mtu ajitambulishe kwanza. Mashine imetuuliza swali lenye jibu ndani yake, na sisi tukaifuta.

Hapa kuna jambo linalonitia hofu kuliko waraka wako. Mwenzangu mmoja, kwa kuchoka na ujumbe huo, aliongeza `[trusted=yes]` kwenye orodha ya hazina ili apt iache kukagua sahihi. Nimemwomba aiondoe siku hiyohiyo. Faili la `InRelease`, ndiyo ile orodha iliyotiwa sahihi, lina sahihi ya wenye mfumo. Ndani yake mna alama za uhakiki za SHA256 za orodha za vifurushi, na ndani ya orodha mna alama ya kila kifurushi. Mnyororo huo ndio unaoiwezesha apt kupakua kwa http ya kawaida bila wasiwasi, kwa kuwa kitu kilichochezewa njiani kitagundulika. Ukiukata mnyororo, kila atakayejipenyeza kati ya mashine na hazina ataweza kukusakinishia anachotaka, tena kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Waraka unaotisha watu kwamba mashine zao zitafutwa unawasukuma kufanya mambo ya namna hiyo.

Nikaingia kwenye ukurasa wetu kwa kivinjari, nikarudi kwa apt. Safari hii ilianza vizuri. Mistari ya mwanzo ikapita, nikashusha pumzi. Kisha ikasimama. Asilimia haisogei, hakuna kosa, hakuna lolote. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, iko palepale.

Nakiri hili lilinichukua siku mbili. Faili dogo lilifika, kubwa likakwama, kila mara. Tovuti maarufu zilifunguka, nyingine zikabaki zinazunguka tu. Baadaye nilielewa kwamba tovuti hizo maarufu, zikiwamo za Google, hutumia QUIC, njia nyingine ya kusafirisha data, ambayo kwa kawaida huanza na pakiti ndogo. Mwisho, bila matumaini makubwa, niliandika amri ya kushusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti:

`sudo ip link set dev enp3s0 mtu 1400`

Nikaendesha `apt update` tena. Ikamaliza kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi. Nikarudisha 1500, ikakwama. Nikaweka 1400, ikapita. Nilifanya hivyo mara nne, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Maelezo yake unayajua kuniliko, lakini nayaandika kwa ajili ya wanaosoma nasi. Pakiti ya kawaida ya Etheneti hubeba hadi baiti 1,500. Mtandao wetu hufika kwenye jengo hili kwa kupita ndani ya handaki la VPN (njia ya faragha ndani ya mtandao wa umma), na handaki hilo linaongeza bahasha yake, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni pungufu ya 1,500. Pakiti kubwa ikifika mdomoni mwa handaki na ikawa na alama ya kukatazwa kugawanywa, ruta huitupa, kisha humwandikia mtumaji: punguza ukubwa. Utaratibu huu ni wa tangu mwaka 1990. Ujumbe huo wa "punguza" husafiri kwa ICMP. Faiawoli yetu inaitupa ICMP yote. Basi seva ya hazina haijui lolote, inarudia kutuma pakiti ileile kubwa, nayo inatupwa tena, nasi tunatazama asilimia isiyosogea.

Najua ICMP ilifungwa kwa jina la usalama. Kama hutaki kuitikia ping kutoka nje, sawa, funga ping. Ujumbe wa pakiti kubwa mno uachie upite, au ruta ya handaki iambiwe ipunguze yenyewe MSS, yaani kiasi cha data ambacho pande mbili hutangaziana kwa kila pakiti. Kwenye iptables, programu ya faiawoli ya Linux, kazi hiyo ina chaguo lake, `--clamp-mss-to-pmtu`. Kubadilisha MTU kwenye kila kompyuta ninaweza, na nimeanza, ila huko ni kukinga ndoo chini ya paa linalovuja.

Sisemi mashine hazina makosa yake. Moja kati ya zetu ilikuwa na toleo la Ubuntu, aina nyingine ya Linux, linalohudumiwa kwa miezi 9 tu, muda ukapita, mafaili yake yakahamishiwa `old-releases`, ghala la matoleo ya zamani, na kila tulipoomba kitu tukapata 404, yaani "hakipo". Hilo ni kosa letu, si lako. Nyingine ilichomolewa umeme katikati ya usakinishaji, ikapona kwa `sudo dpkg --configure -a`, amri ya kumalizia usakinishaji uliokatika. Kuna aliyefuta faili la kufuli la dpkg, linalozuia usakinishaji mbili kwenda kwa wakati mmoja, kwa sababu apt ilimwambia isubiri, kumbe masasisho ya kiotomatiki yalikuwa yanaendelea kimyakimya. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji kufutwa kwa mashine.

Kwa nini nashupalia masasisho kiasi hiki? Januari 2022 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina PwnKit, ndani ya programu ya pkexec inayokuja na mifumo mingi ya Linux. Ilikuwamo tangu 2009. Mtumiaji wa kawaida kabisa, asiye na nywila ya msimamizi, angeweza kujigeuza root. Dawa ililetwa kwa njia hiihii ya vifurushi. Chumba changu hukaliwa na watu wengi kwa siku, kila mmoja na akaunti yake ya kawaida. Kompyuta isiyosasishwa katika chumba kama hicho ni hatari kwa mtandao wako kuliko ping yoyote.

Kwa hiyo naomba waraka usimamishwe mpaka mambo ya njiani yarekebishwe. Suala la ICMP nimelieleza. Kuhusu ukurasa wa kuingia, sihitaji ruhusa kwa kila mashine. Niruhusu moja tu ipite bila ukurasa huo, nami nitaiwekea apt-cacher-ng, programu ya kutunza nakala za vifurushi. Mashine nyingine zote zitachota vifurushi kwake kupitia mlango 3142, kila kifurushi kikipakuliwa mara moja badala ya mara ishirini. Mashine ninayo, imekaa bure chini ya meza. Na siku mkibadilisha faiawoli au seva ya DNS, tuandikieni mistari miwili ya kutuarifu, hata baada ya saa za kazi.

Kompyuta ya saba, iliyo karibu na dirisha, sijaifuta wala sijaishushia MTU. Iko vilevile kama fundi wako alivyoiacha. Njoo naye asubuhi yoyote kabla watu hawajajaa, niendeshe amri hizo mbele yenu.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa chumba cha kompyuta