Anayetoa mtoto wa mbwa atoe na ukweli wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala unaoendelea kuhusu watu wanaochukua watoto wa mbwa kisha wakawatoa baada ya muda mfupi. Msomaji mmoja aliandika kwamba mtu wa aina hiyo hana utu na hafai kufuga hata kuku. Hasira yake naielewa, kwa kuwa kazi yangu ya mapokezi katika kliniki ya mifugo hunikutanisha mara kwa mara na mbwa waliopita mikononi mwa watu wengi. Hata hivyo, naamini kwamba lawama hizo zikishika mizizi zitawaumiza mbwa wale wale anaowatetea, kwa sababu mtu anayeogopa kusemwa hufanya jambo lake kwa siri, na siri ndiyo inayomharibia mbwa maisha.

Familia inaweza kushindwana na mtoto wa mbwa bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mtoto wa nyumbani anaanza kubanwa na kifua, daktari anathibitisha kwamba ana mzio wa mbwa, na kubadilisha aina ya mbwa hakusaidii kwa sababu hakuna aina iliyothibitika kuwa haisababishi mzio. Kwingine mzazi mzee anakuja kuishi na wanawe, naye hana nguvu za kustahimili mbwa wa kilo 30 anayemrukia kwa furaha kila anapofungua mlango. Lakini sababu ninayokutana nayo zaidi ni uteuzi uliofanywa kwa macho tu: mtu amependezwa na picha ya Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, au ya mbwa mchungaji wa Ubelgiji aitwaye Malinois, mbwa ambao kwa vizazi vingi wamezalishwa ili wafanye kazi kutwa nzima, akamweka katika nyumba ambayo watu wote hutoka asubuhi na kurudi jioni. Mbwa wa namna hiyo akikosa kazi hujitafutia ya kwake. Atachimba, atatafuna miimo ya milango, atabweka mpaka majirani walalamike, na atawakimbiza watoto akiwauma visigino kana kwamba ni kondoo waliotawanyika. Kumfunga mnyororo nyuma ya nyumba kwa miaka 12 ili tu isisemwe kwamba ulimtoa ni kumtesa, na mimi sioni utu katika hilo.

Matokeo ya aibu tunayaona sisi wa mapokezini. Nimewahi kushika kadi ya chanjo ambayo jina la mwenye mbwa lilikuwa limekatwa mara tatu, kila jina kwa wino wake, ilhali mbwa mwenyewe hajafikisha mwaka. Sehemu ya maelezo ilikuwa tupu. Mwenye mbwa wa nne alikuwa amekuja kwa sababu mbwa alimng'ata mtoto wake aliyepita karibu na bakuli la chakula, na alikuwa akiapa kwamba mnyama huyo amebadilika ghafla. Nilipopiga namba ya kwanza iliyoandikwa kwenye kadi, aliyepokea alinijibu bila kusita kwamba mbwa huyo tangu mdogo hakutaka kusogelewa akila, na kwamba ndiyo sababu walimtoa. Watu watatu walilijua jambo hilo, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Lingesemwa mapema, mbwa angelishwa peke yake mlango ukiwa umefungwa, mtaalamu angemzoesha polepole kwamba mkono unaokaribia bakuli huleta chakula badala ya kukiondoa, na yule mtoto asingekuwa na mshono mkononi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa bahati mbaya, hapa anayelia ni mtoto wa mtu mwingine.

Simaanishi kwamba kila anayechoka amtoe tu. Mengi yanayowachosha watu ni umri, nao hupita. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, ambayo huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne, na meno 42 ya ukubwani hukamilika anapokaribia miezi saba. Katika kipindi hicho atatafuna viatu, miguu ya meza na mikono ya watu kwa sababu fizi zinamuuma, wala si kwa ukali. Vivyo hivyo kuhusu mkojo: kanuni ya wafugaji ni kwamba mchana mbwa mchanga hujizuia takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo anayemwacha mbwa wa miezi mitatu ndani tangu asubuhi hadi jioni kisha akampiga kwa kukojoa sakafuni anamwadhibu kwa jambo asiloliweza. Kabla ya kuamua lolote, apelekwe kwa daktari wa mifugo achunguzwe, maana minyoo, maumivu ya sikio au maradhi ya tumbo huweza kumfanya mbwa mpole anune na kunguruma. Anayemtoa mbwa kwa sababu za namna hii anamtwisha mwenzake mzigo ambao ungetoweka wenyewe kwa uvumilivu wa miezi michache.

Ila penye tatizo lisilopita, kama ule mzio au kutolingana kabisa kwa mbwa na nyumba, nawapinga wale wanaoshauri kuvumilia tu. Kati ya wiki ya tatu na takriban wiki ya 14 tangu kuzaliwa, mbwa hujifunza watu, sauti na mahali pa kuzoea na pa kuogopa, na anayekipitisha kipindi hicho akiwa amefungiwa peke yake hukua na woga ambao baadaye ni mgumu kuuondoa. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane, lakini akishatoka na ikaonekana wazi kwamba nyumba haimfai, uamuzi wa mwezi huu ni bora kuliko ule wa mwakani, kwa kuwa mbwa wa miezi minne hushika makao mapya kwa urahisi kuliko mbwa wa mwaka mmoja ambaye muda wote huo hakufundishwa chochote.

Wa kwanza kuulizwa awe yule aliyekupa au kukuuzia. Mzalishaji mwadilifu hukubali kumpokea mbwa wake wakati wowote, na wengi huliandika jambo hilo katika mkataba ambao mnunuzi, kwa furaha ya siku hiyo, hausomi. Ikishindikana, kipigiwe simu kituo cha kuhifadhi wanyama na kiulizwe kama kina nafasi na nini huwapata wale wasiopata makao, kwa sababu kumfunga mbwa kwenye lango la kituo usiku si kumkabidhi kwa mtu yeyote. Na ile dhana kwamba mbwa akipelekwa shamba atajitegemea ifutwe kabisa: mtoto wa mbwa aliyezoea bakuli hajui kujitafutia chakula, huishia kugongwa na gari au kufa kwa njaa, na akiponea atazaana na wenzake wasio na mwenyewe. Wapo pia wanaozunguka wakikusanya mbwa wa bure ili kuwauza tena, kuwazalisha bila kikomo au kuwatumia katika mapigano ya mbwa, kwa hiyo mtu anayetaka kumchukua mnyama siku hiyo hiyo bila kuuliza hata amechanjwa nini, mimi humwonea shaka. Kwenda kumwona mpokeaji nyumbani kwake, kujua nani atabaki na mbwa mchana, na kuangalia kama uzio una tundu ni mambo yasiyohitaji ujasusi. Anayekasirishwa nayo amejibu swali.

Kadi ya chanjo iende na mbwa. Chanjo ya parvo na ya distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mtoto wa mbwa afikishe walau wiki 16, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa anapofikisha wiki 12, kwa hiyo mbwa anayehama katika umri huu karibu kila mara yuko katikati ya mfululizo, na mpokeaji asiyejua tarehe atachelewa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa asiye na kumbukumbu anapouma, familia haina pa kushika: jeraha litaoshwa kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kama inavyoshauriwa, kisha mtoto atakimbizwa hospitali kuanza sindano, huku kipande cha karatasi ambacho kingewapa madaktari mwanga kimesahaulika kwenye droo ya mtu wa zamani. Kama mbwa ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, namba yake ya tarakimu 15 isajiliwe upya kwa jina la mpokeaji, la sivyo akipotea atarudishwa kwa asiyemtaka.

Pamoja na kadi, iandikwe karatasi ya kumweleza mbwa mwenyewe: anakula nini na saa ngapi, anaitika neno gani, anaogopa radi au pikipiki, amewahi kumng'ata nani na katika hali gani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachorukwa, nacho ndicho ninachokisihi. Mbwa aliyewahi kujeruhi mtu vibaya asitolewe kwa familia yoyote mpaka daktari wa mifugo amtathmini, na ni kweli, ingawa wengi hatupendi kusikia, kwamba wachache miongoni mwao hawapaswi kuhamishiwa popote. Apewe pia chakula alichokizoea cha siku kadhaa ili kibadilishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi, asije akaharisha, na kitambaa alicholalia chenye harufu anayoijua. Mpokeaji aambiwe wazi kwamba siku za kwanza mbwa anaweza kujificha na kukataa kula, na kwamba mambo yakishindikana atapiga simu na mbwa atarudi. Ahadi hiyo ikitolewa mbele ya watu wa nyumba zote mbili, mpokeaji hana sababu ya kumsukumia mtu wa tatu.

Watoto wa nyumba inayotoa nao wasidanganywe kwamba mbwa ametoroka, maana watamtafuta mitaani kwa wiki nzima. Waambiwe anakwenda wapi na kwa nini, na ikiwezekana wawepo anapokabidhiwa.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Ukurasa wako wa matangazo madogo huchapisha mara kwa mara matangazo ya watoto wa mbwa wanaotolewa bure, yenye namba ya simu tu na maneno ya kuhimiza mtu awahi. Naomba dawati la matangazo lisipokee tangazo la namna hiyo bila kutajwa umri wa mbwa, tarehe ya chanjo ya mwisho na sababu ya kumtoa. Maswali hayo matatu yanaulizika kwa simu katika muda usiozidi dakika mbili, na atakayekataa kuyajibu, nafasi yake apewe mwenye tangazo jingine.

Wako,
Mhudumu wa mapokezi, kliniki ya mifugo