Kisu kile si cha zama za Bowie

Mhariri,

Picha ya kisu cha bowie, kile kisu kikubwa cha Kimarekani chenye jina la mpiganaji Jim Bowie, mliyoitoa Jumamosi, na maelezo kwamba kilifuliwa "zama za Jim Bowie mwenyewe", imeninyanyua mkekani. Nimenoa visu na kuvitia mipini hapa Mji wa Kale, Mombasa, mpaka macho yakagoma. Kisu kigeni kikiniangukia mkononi sitazami kwanza makali wala mpini wa pembe. Natazama chapa iliyo shingoni mwa bapa.

Picha yenu imeionyesha vizuri. Kuna taji kati ya herufi V na R, kisha JOSEPH RODGERS & SONS, CUTLERS TO HER MAJESTY (mafundi visu wa Malkia), na chini yake SHEFFIELD, ENGLAND. V na R ni za Malkia Victoria, aliyerithi kiti cha enzi Juni 1837. Bowie aliuawa katika ngome ya Alamo, Texas, Machi 6, 1836. Angekishikaje?

Neno ENGLAND ndilo linalokisogeza mbele zaidi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ile ya McKinley, iliamuru bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, kuanzia Machi 1891. Kabla ya hapo mafundi wa Sheffield kwa kawaida waliishia kwenye jina la mji wao, nani asiyeujua? Malkia naye alifariki Januari 1901. Basi mimi nakiweka kwenye miaka kumi hiyo, nikiacha mwanya kidogo, maana kiwanda hakitupi muhuri wake wa chuma siku ya maziko.

Wala sikidharau. Visu vingi vya bowie walivyobeba Wamarekani vilitoka Sheffield, na Rodgers alikuwa kigogo pamoja na George Wostenholm wa chapa ya I*XL. Cha Wostenholm kikiwa na maneno WASHINGTON WORKS, hakiwezi kutangulia 1848, mwaka alioingia kiwanda hicho.

Kilichonitia hofu ni ahadi ya mwenye kisu kwamba atakisugua king'are kabla ya kukiuza. Tafadhali mwambieni aweke msasa chini. Chapa hupigwa chuma kikiwa bado laini, na kingo za herufi ndizo anazozichunguza mnunuzi mjuzi. Zikishalika, hata kisu halali kitashukiwa. Kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha. Akishakifuta, apige picha upande wa pili wa bapa, nao haukuonekana gazetini.

Mnoa visu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa