Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mitego ya nondo katika mashamba yetu ya mapichi na plamsi

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mhazini, na mambo ya vikao anayo katibu. Muda wangu nautumia kwa jambo moja, lile lililotula fedha na maneno mwaka huu: mitego ya kunasa nondo, yule mdudu kama kipepeo anayeruka usiku.

Msimu uliopita mapichi yetu yalikuwa yakishuka kutoka Lushoto hadi Mombo yakiwa yanapendeza kwa nje, mteja akipasua anakuta kinyesi cha mdudu kandokando ya kokwa. Tukamlaumu inzi wa matunda, tukanunua dawa yake. Tulikosea mshitakiwa. Mabuu ya inzi ni meupe, hayana miguu wala kichwa kinachoonekana, na hujazana katika tunda moja. Sisi tulikuwa tukikuta kiwavi mmoja peke yake, mwenye kichwa cha kahawia, na akikomaa mwili unakuwa wa rangi ya waridi, urefu kama milimita 15. Huyo ni mtoto wa nondo anayeitwa na wataalamu Thaumatotibia leucotreta. Hakuletwa na meli wala ndege. Asili yake ni Afrika hii hii, kusini mwa Sahara. Jike hutaga yai mojamoja juu ya ganda, kiwavi akianguliwa hutoboa na kuzama ndani, na hapo hata ukipuliza bomba zima humpati. Akishiba hutoka, hushuka ardhini, na kujifunga kwenye kifuko chake hadi awe nondo.

Kwa hiyo ukitaka kumpata, umpate kabla hajaingia, na hapo lazima ujue nondo wameanza kuruka lini. Kazi ya mtego ni hiyo. Jike hutoa harufu, feromoni, na dume huifuata hata gizani. Wa kwanza kubaini kemikali ya harufu ya namna hii walikuwa Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake, mwaka 1959, kutoka kwa nondo wa hariri, na iliwabidi watumie majike karibu 500,000. Sisi tunainunua tayari kutoka kiwandani, imelowekwa kwenye kipande kidogo cha mpira, ndicho chambo, tunakiweka ndani ya kibanda cha pembetatu chenye sakafu ya gundi.

Wiki za mwanzo hatukunasa kitu, na minong'ono niliisikia. Kosa la kwanza ni langu. Vyambo nilivihifadhi stoo kwangu, chini ya bati, kumbe vinatakiwa vikae kwenye baridi, kwenye friji. Harufu iliishia stoo. Kosa la pili ni la baadhi yetu waliotia kwenye vibanda chambo cha inzi kilichobaki mwaka juzi. Chambo cha inzi huita inzi. Nondo hana habari nacho, na kila jamii ya nondo ina harufu yake.

Tulipopata vyambo vipya na kutundika vibanda kwenye matawi, usawa wa kichwa cha mtu, gundi ilianza kujaa. Hapo likazuka tatizo ambalo sikulitegemea: furaha. Kuna waliopiga picha karatasi zao na kusema nondo wamekwisha. Ndugu zangu, walionaswa ni madume tu, na dume mmoja aliyebaki anatosha majike kadhaa. Mtego kwetu ni mlinzi mwenye filimbi. Akipiga filimbi nawe ukageuka upande wa pili ukalala, mwizi anabeba tu.

Kuamka kwenyewe ni kuokota. Kila wiki tunda lililoanguka na lile lenye tundu juu ya mti litolewe shambani, lifukiwe shimo la nusu mita au lifungwe kwenye mfuko mweusi na kuachwa juani. Tulipopita mashambani na kamati, tofauti tuliiona kwa macho: palipookotwa kila wiki na palipotundikwa mtego tu hapakufanana. Sitataja shamba la mtu. Wenyewe wanajijua, na mmoja wao ndiye anayesoma taarifa hii, kwa wiki zile za msiba wa nyumbani kwake.

Lipo na la pilipili hoho. Nondo huyu halali msimu. Pichi likipukutisha majani wakati wa baridi, yeye anahamia kwenye hoho, mapera, parachichi na mahindi, kisha anarudi. Wengi wetu tuna hoho hatua kumi kutoka kwenye miti. Isitoshe, tangu tarehe 1 Januari 2018 Umoja wa Ulaya hauruhusu hoho wala mapichi ya Afrika kuingia bila uthibitisho kwamba mdudu huyu hamo. Sisi bado tunauza barabarani, lakini wapo vijana wetu wanaoulizia soko la nje, na swali la kwanza watakaloulizwa ni hilo.

Kamati inapendekeza mambo mawili, myajadili leo. Mitego iwekwe mapema, maua yanapoanza kuchanua, na vibanda vingine viende kwenye hoho. Na vyambo visikae tena kwa mwenyekiti. Mama wa duka la soda pale stendi amekubali kutupa kona ya friji yake, ila anataka tumchangie umeme. Kiasi gani, mhazini atawaeleza.